Redio Inayofunguka

Nyinyi vijana mlioingia karakana mwaka huu, nimeona mnavyonitazama ninapopita kuwasalimu. Mnajiuliza huyu bibi mwenye mkoba wa bisibisi anatafuta nini hapa, wakati alishaagwa kwa keki na maua na hotuba ndefu. Nawajibu mapema ili msiumize vichwa: nimekuja kunywa chai yenu na kuwasumbua. Nimestaafu kazi, mdomo bado uko kazini.

Mkuu wenu ameniomba niwaandikie kidogo kuhusu redio za askari, na jinsi tulivyojifunza kuzitengeneza zikawa za kufunguka, za kubadilishwa kipande kwa kipande bila kutupwa. Akaniomba pia niandike kwa mpangilio. Nimemwambia mpangilio atautafuta mwenyewe akishamaliza kusoma. Mimi nitasimulia kama mambo yanavyonijia nikiwa kwenye basi la kutoka Kabuga, na kwenye basi mambo hayaji kwa foleni.

Kwanza mnijue. Naitwa Mama Yudita. Wazazi wangu walikimbilia Karagwe, Tanzania, nikazaliwa huko, nikasomea ufundi wa redio huko huko, ndiyo maana mkijaribu kunisengenya kwa Kiswahili mnapata tabu. Niliporudi Kigali nikapata kazi hapa Gikondo, katika jengo hili hili mnalolipenda kwa vigae vyake. Wakati huo halikuwa na vigae. Lilikuwa bohari la zamani lenye harufu ya kahawa, upande mmoja gereji, upande mwingine kanisa, na katikati sisi wachache na meza zetu za mbao.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Dismas. Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaa wa Buyenzi wa huko huko, kilichotiwa Kifaransa kama chumvi, tena bila kupima. Alikuwa mfupi, mkali, na kila siku alivaa koti la samawati ambalo mifuko yake ilikuwa imetoboka kwa bisibisi. Siku yangu ya kwanza nilimwonyesha redio niliyoitengeneza chuoni. Nilikuwa nimeipenda sana. Ilikuwa na vitufe vidogo vizuri na taa ya kijani. Akaigeuza mara moja, akanirudishia.

"Mwanangu, hii redio ni ya wewe," akasema. "Wewe iko na meza, iko na taa, iko na chai. Bon. Na askari, yeye iko na nini?"

Nikaitazama taa yangu ya kijani.

"Iko na mvua," akajibu mwenyewe. "Na glavu. Na mtu anamupigia kelele."

Akaniletea gunia la mahindi. Akaweka redio ndani, akaweka na betri yake pembeni, akaniambia niingize mikono nibadilishe betri bila kuangalia. Nilihangaika mpaka jasho likanitoka, na mafundi wenzangu wakaacha kazi zao kunitazama. Betri niliichomeka kinyume. Mzee Dismas hakucheka, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kucheka. Tangu siku ile hakuna kitu kilichotoka karakana hii bila kupita guniani. Nasikia siku hizi mna chumba maalumu cha majaribio chenye mashine za kutikisa na kunyunyiza maji. Hongereni. Lakini gunia lilikuwa la bure na halikuhitaji umeme, na bado liko stoo nyuma ya mapipa, kama hamjalifanya tambara.

Sasa niwaeleze kwa nini tulitaka redio inayofunguka. Redio za wakati ule zilikuwa sanduku moja lililozibwa. Ndani yake kila kitu kimelehemiwa na kila kitu: kinachorusha, kinachopokea, kinachoficha maneno ili asiyehusika asikie mkoromo tu. Kikiharibika kimoja, sanduku zima limekufa. Kikija kilicho bora zaidi ulimwenguni, sanduku zima limezeeka. Redio inapakiwa kwenye lori inaletwa Kigali, na huku nyuma wale askari waliobaki kilimani wanakaa bubu wakisubiri. Nchi yetu mnaijua. Ukivuka kilima kimoja tu, mwenzako aliye ng'ambo hakusikii hata upige kelele za namna gani. Askari asiye na redio katika vilima hivi ni mtu aliye peke yake, na mimi hilo lilikuwa linaniuma kweli kweli.

Tukaamua kutengeneza fremu moja ngumu ya aluminiamu, na ndani yake nafasi za kuchomeka kadi. Kadi ya kurushia, kadi ya sauti, kadi ya siri. Kadi ikizeeka, unaichomoa, unachomeka mpya, redio inabaki ile ile mgongoni mwa mtu yule yule. Leo mnaliona jambo la kawaida. Wakati ule tulijiona tumegundua moto.

Moto kweli tuliupata. Kadi zetu za kwanza tulizitengeneza zote kwa upana mmoja, kwa sababu zilipendeza zikiwa zimepangwa. Mzee Dismas akazitazama, akaleta gunia. Nikaingiza mikono, nikachomeka kadi ya kurushia mahali pa kadi ya sauti, nikawasha. Gunia likaanza kutoa moshi. Fundi mmoja akalichukua akakimbia nalo nje mpaka gereji ya jirani, na wale mafundi magari wakadhani tunawarushia bomu. Kwa hiyo, vijana, kadi iwe na umbo ambalo haliwezi kuingia kwa mwenzake hata ukilipiga nyundo. Usimwandikie askari "usiingize hapa". Fanya isiingie. Maandishi yanafutika, na mtu anayetetemeka kwa baridi hasomi.

Na skrubu ziwe za aina moja, redio nzima. Nimeona mchoro wa mmoja wenu juzi, simtaji, ana miwani na anapenda maembe. Ameweka skrubu za aina nne. Mwanangu, hizo bisibisi nne nani atazibeba mlimani, wewe?

Kuhusu kanisa la jirani nitasema kidogo, maana bado watu wananitania. Tulikuwa tunajaribu redio moja ya aina ya zamani, yenye nguvu, na antena tulikuwa tumeitundika kwenye paa bila kufikiri sana. Mimi ndiye niliyekuwa naongea: moja, mbili, moja, mbili, mnanisikia? Ukimya. Nikarudia kwa sauti. Hatukujua kwamba spika za kanisa zilikuwa zinainasa sauti yangu. Mchungaji alikuwa katikati ya maombi, waumini wamefumba macho, na sauti ya mwanamke inawauliza kutoka juu kama wanamsikia. Wapo waliojibu.

Mchungaji alikuja baadaye, amevaa suti, mpole mno. "Mama," akaniambia, "sisi tunakusikia, rwose, kabisa kabisa. Lakini tunaomba uongee siku za kazi." Nilitamani ardhi inimeze. Wiki iliyofuata tulifunika nyaya zetu zote upya na kushusha antena, na mimi nikaenda kuwawekea vichujio kwenye spika zao. Kwaya yao ikawa inatuimbia mchana kutwa, bila redio yetu kuimba kwenye spika zao. Huo ndio ujirani.

Mzee Dismas alikuwa na jambo jingine ambalo mabosi hawakulipenda. Kwenye kila fremu alitaka nafasi moja ibaki tupu. Walimuuliza ni ya nini. Akasema hajui. Walimuuliza kwa nini basi askari abebe nafasi ya kitu kisichojulikana. Akasema, "Ni ya fundi ambaye bado hajazaliwa, n'est-ce pas, si ndiyo?" Walimwona kichaa. Baadaye ilikuja kadi inayoonyesha askari yuko wapi kwenye ramani, ikaingia hapo kama ilikuwa imepimiwa. Yeye hakuringa. Alisema tu kwamba sasa tumekosa nafasi tupu, na tuanze kuchora fremu nyingine.

Haya, chai imepoa, niingie kwenye kisa chenyewe.

Tulipofaulu kutengeneza redio ya kadi inayopita guniani bila moshi, jeshi likakubali kuijaribu kwa miezi kadhaa katika vikosi vichache. Mojawapo kilikuwa upande wa mashariki, kupita Kabuga, mbali kidogo na barabara kuu. Mwendesha redio mkuu wa kikosi kile alikuwa Sajini Vestine, msichana mwembamba mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Sauti ile niliijua kabla ya kumwona. Ilikuwa haina haraka. Hata mvua ikinyesha na watu wakigombania masafa, akiingia Vestine kila mtu anatulia, anaongea kwa zamu yake, anaondoka. Kuna watu wamezaliwa na mikono ya kulehemu, yeye alizaliwa na sauti ya redio.

Basi, baada ya muda redio zikaanza kufa. Vikosi vingine redio zilikufa polepole, moja hapa, moja pale. Kwa Vestine zilikufa mfululizo. Zikaletwa Gikondo, sisi tukabadilisha kadi, zikarudi, zikafa tena. Jeshini redio ikifa, kuna mtu anayeulizwa. Ikaundwa kamati, na mwenyekiti wake alikuwa kanali mmoja mzee, mrefu, ambaye alikuwa haongei mpaka ameshamaliza kufikiri, na alikuwa anafikiri kwa muda mrefu. Tukasikia kwamba uamuzi unaelekea upande mmoja: Sajini Vestine anatumia redio vibaya. Ataondolewa kwenye redio, ahamishiwe ghala la mablanketi, na nafasi yake ya kwenda kozi ya ukufunzi apewe mwingine.

Mimi nikaomba gari niende kuzitazama zile redio zikiwa kwake. Mzee Dismas, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, akasema na yeye anakuja. Njia nzima alikuwa anaimba.

Tulifika asubuhi. Vestine akatupigia saluti, akatutandikia turubai safi juu ya meza, akatupangia redio zake juu yake. Vijana, sijawahi kuona redio safi namna ile. Hata zilipotoka mikononi mwetu hazikuwa safi vile. Kona zote zinang'aa. Hakuna vumbi, hakuna alama ya kidole.

"Unazisafisha mwenyewe, Sajini?" nikamuuliza.

"Mimi mwenyewe, Mama. Kila ukaguzi. Afande wetu hapendi vumbi."

"Hebu nionyeshe unavyosafisha."

Akakaa. Akafungua fremu kwa ustadi ambao ungelifurahisha hata gunia letu. Akachomoa kadi zote, akazipanga kwa mstari juu ya turubai, kama vipande vya bunduki. Halafu akachukua kitambaa, akakimwagia dawa ya kung'arishia vifungo, akaanza kusugua pini za kadi moja baada ya nyingine, kwa upendo kabisa. Alipomaliza akachukua chupa ndogo ya mafuta ya bunduki, akatia tone moja moja kwenye kila tundu.

Mzee Dismas akakaa chini polepole. "Mungu wangu," akasema. "Dhahabu yetu."

Kwa wale mliozoea kompyuta tu, nieleze. Pini za kadi tulizipaka utando mwembamba wa dhahabu ili zigusane vizuri na zisishike kutu. Utando ule ni mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukiusugua kwa dawa ya vifungo unatoka wote, na ukiongeza mafuta juu yake vumbi linaganda, na kadi hazigusani tena. Redio inakufa ikiwa inang'aa.

Vestine alikuwa ameacha kusugua. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Nimekosea?" akauliza.

Nikamweleza. Sikumficha. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, kisha akasema kwa ile sauti yake isiyo na haraka: "Mama, mimi nimeziua kwa mikono yangu. Watanipeleka ghala. Ni haki." Halafu machozi yakamtoka, na akayafuta kwa kitambaa cha kung'arishia vifungo, akabaki na doa jeusi shavuni.

Nikamwambia haki tutaiona baadaye. Nikamuuliza nani alimfundisha kusafisha hivyo. Akanishangaa. Alifundishwa kama kila askari. Kinachofunguka kinafunguliwa, kinafutwa, kinang'arishwa, kinapakwa mafuta, kinafungwa. Bunduki hivyo, sanduku la risasi hivyo, jiko la kambi hivyo. Na kabla ya jeshi alilelewa katika nchi ambayo Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu anashika fagio au jembe, na mama yake mzazi angemchapa kwa kosa la kuacha masizi nje ya sufuria. Sisi wahandisi, ambao pia tunaishi humu humu na kushika mafagio hayo hayo, tukampa mtu kama huyo redio inayofunguka, halafu tukashangaa kwamba ameifungua.

Njiani kurudi Mzee Dismas hakuimba. Tulipofika Remera kwenye foleni ya magari akasema, "Tuandike kwenye fremu ya redio: marufuku kusafisha."

Nikamwambia, "Mzee, ulinifundisha mwenyewe. Usimwandikie askari asifanye. Fanya isifanyike."

Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka dereva akacheka bila kujua kwa nini.

Kazi ya wiki zilizofuata ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kufanya. Tulizirudisha pini ndani ya kadi, chini ya kifuniko cha chemchemi. Ukichomoa kadi, kifuniko kinajifunga. Ukichomeka, kinafunguka chenyewe, na pini zinajisugua kidogo tu zinapoingia, kiasi cha kujisafisha zenyewe. Kitambaa hakifiki, mafuta hayafiki, kidole hakifiki. Tulisugua kadi moja kwa dawa ya vifungo mpaka mikono ikatuuma, tukaitumbukiza kwenye bakuli la mafuta, tukaifuta, tukaichomeka. Ikaongea.

Lakini kitu kikawa kinanikera. Nilimjua Vestine sasa. Mtu aliyezoea kusafisha ukimnyima cha kusafisha atatafuta. Atachokonoa kifuniko kwa kijiti. Basi nikaomba tuzungushe ukanda wa shaba kwenye mdomo wa fremu, hauna kazi yoyote ya umeme, ni wa kung'arishwa tu.

Mzee Dismas akapandisha hasira. "Shaba? Ya nini? Unajua askari anahesabu kila gramu mgongoni? Mimi nimekata uzito miaka yote, leo wewe unaleta pambo?"

"Si pambo, Mzee. Ni mahali pa kusugua."

"Oya. Hapana. Jamais."

Tulinuniana siku nzima. Asubuhi yake nilikuta kwenye meza yangu ukanda wa shaba, umekatwa vizuri, mwembamba mno, na mashimo yake yameshatobolewa. Yeye alikuwa ameinamia kazi nyingine, amenipa mgongo.

Kamati ilikaa. Nilivaa kitenge changu cha heshima na nikaenda na redio mpya mkobani. Vestine alikuwa amesimama kando, amenyooka, hatazami mtu. Kanali alitusikiliza wote, halafu akafikiri kwa muda wake mrefu, halafu akaniuliza, "Mama, kwa ufupi. Nani ameua redio hizi?"

"Jeshi zima, Afande," nikasema.

Wale maofisa wengine wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimeshaanza. "Jeshi limemfundisha huyu binti kusafisha kila kinachofunguka, na yeye amesafisha kuliko wote, ndiyo maana redio zake zimekufa kuliko zote. Sisi nasi tumempa kitu kinachofunguka bila kukumbuka amefundishwa nini. Mkimpeleka ghala, basi muandike kwamba mmemuadhibu kwa usafi. Na askari wengine wausome waraka huo."

Ofisa mmoja akakohoa kuficha kicheko. Kanali hakucheka. "Na hiyo mpya haifi?"

"Haifi, Afande."

"Hata akisafisha?"

"Naomba msimkataze. Mumpe akae nayo, apite nayo kwenye kaguzi zake zote, asafishe anavyotaka. Halafu mumpandishe kilimani, mumpe kadi mpya ya sauti aichomeke huko huko mwenyewe, bila fundi. Akituita tukamsikia, abaki na redio. Tusipomsikia, aende ghala, na mimi nitamsaidia kukunja mablanketi."

Vestine alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Nadhani aliona nimemuuza. Kanali akafikiri tena, akasema, "Sawa."

Siku ya jaribio kulikuwa na ukungu. Sisi tulikaa chini ya turubai kando ya barabara, kamati nzima, mezani chupa za chai ya tangawizi na mandazi ambayo hakuna aliyeyagusa, na katikati redio yetu ya kupokelea. Vestine alikuwa amepanda kilima cha mbali ambacho hatukikuona kwa ukungu. Kadi mpya alikuwa nayo mfukoni, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Amri ilikuwa rahisi: ukifika juu, zima, badilisha kadi, washa, ita.

Kwa kadi ya zamani alitujulisha amefika. Sauti safi. Akasema anazima. Halafu kimya.

Nyinyi mnajua kubadilisha kadi kunachukua muda gani. Ni kama kufungua na kufunga mkoba. Tukasubiri. Mkoromo tu kwenye spika. Ofisa mmoja akatazama saa yake, akamtazama kanali. Mzee Dismas alikuwa amekaa pembeni yangu na fimbo yake katikati ya magoti, anasogeza midomo, sijui alikuwa anaomba au anahesabu uzito wa shaba. Mimi nilikuwa nimeshaziona pini zote kichwani, moja moja. Chemchemi imekwama. Kifuniko hakikufunguka. Kadi imeshika unyevu. Nilimwona binti yule na doa jeusi shavuni anakunja mablanketi maisha yake yote kwa sababu yangu.

Kanali akavaa kofia yake, akainuka nusu.

"Kilima kwa turubai," ikaingia ile sauti, nzito, haina haraka, safi utadhani amekaa nasi mezani. "Mnanipata? Samahani Afande kwa kuchelewa. Redio ilikuwa imeshika vumbi njiani. Nilikuwa naisafisha kwanza."

Mzee Dismas akapiga fimbo yake chini na kusema, "Voilà," na turubai zima likaangua kicheko, maofisa, dereva, mpishi wa chai, wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalia waziwazi, na sikuona aibu, na hata leo sioni.

Kanali naye hakucheka. Akafikiri, lakini safari hii si kwa muda mrefu. Akainama mezani, akabonyeza kitufe cha kuongelea.

"Tunakupata, Sajini," akasema. "Imeng'aa?"

"Imeng'aa, Afande."

"Basi shuka nayo. Ni yako."